Chumvi Mkononi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nililamba mkono wangu, nikaukuta una chumvi, nikajua nimeshahukumiwa.

Tulikuwa Kilolo, tumetoka kumzika mama. Bibi alituonya palepale makaburini: "Asigeuke mtu. Ukigeuka unamwita marehemu, atarudi kuchukua mwingine. Mke wa Lutu mnamjua."

Nilimjua. Lakini wanaume walikuwa wamefunika kifudifudi juu ya udongo kikombe cha bati cha mama, kile alichoninyweshea uji, nikataka kukiona mara moja tu. Nikageuka. Jirani yetu Mama Tuli, aliyekuwa nyuma yangu, akanishika kichwa kwa viganja viwili, akakirudisha mbele taratibu.

Wiki ya tatu mdogo wangu mchanga akafa kwa kifua. Bibi akauliza mbele ya kina mama wote jikoni, "Nani aligeuka siku ile?"

Mama Tuli akaweka mwiko chini.

"Ni mimi, mama. Nilidhani nimeangusha kitenge."

"Wewe! Mtu mzima na akili zako!"

"Nisamehe, mama."

Hakusamehewa. Wakaacha kumwita kwenye kilimo cha pamoja; hata msibani alikaa peke yake. Akikutana nami alinisalimu, "Kamwene, mwanangu," na kunishika shavu. Mwishowe akahamia Igowole kwa kaka yake. Sikusema.

Sasa naishi Kihesa, nina binti anayenyonya. Hadithi ile ya mke wa Lutu nimeirudia mara nyingi. Siamini tena kwamba nilimuua mdogo wangu. Kilichomuua ni kifua na baridi ya Juni. Wala sidhani ile chumvi ni ya mwilini. Naona ni habari za moyo: moto ulioshukia mji wa Lutu ulikuja ili mtu aondoke alipokuwa, awe mwingine. Anayeshindwa kuondoka huganda, na machozi yakikauka, kinachobaki ni chumvi. Hayo nayaelewa vizuri. Kuelewa hakujanisogeza hatua moja.

Mwaka jana nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda Igowole kumwomba Mama Tuli turudi wote Kilolo, niseme kweli mbele ya watu. Kaka yake alinikaribisha chai kwanza, ndipo akanionyesha kaburi. Juu yake palikuwa na kikombe kimefunikwa kifudifudi.

Nilipoondoka niligeuka. Nikageuka tena. Nyuma yangu hapakuwa na mtu wa kunishika kichwa.