Mwalimu Aliyemwita Kaka Yangu Baba

Msimu wa kahawa, Ruiru yetu ilinuka uchachu. Maganda yaliyomenywa yalirundikwa nyuma ya kiwanda cha shamba la mzungu, yakaozea juani, na harufu yake ikaingia darasani ikakaa kwenye sweta na nywele zetu mpaka tukaacha kuisikia. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya chenye nyumba zilizobanana, mama alitoka alfajiri kuchuma kahawa, na baba alikuwa kizuizini, wapi hasa hatukuambiwa. Mimi na kaka yangu Karanja tulisoma darasa moja, la nne, kwa sababu yeye alianza shule kwa kuchelewa. Alikuwa mrefu kuliko wote, na mkimya. Kijana wa umbo lile akikosa shule aliishia kubeba magunia shambani, au alizolewa kwenye msako, askari wakaenda naye. Mama alilijua hilo, na kila asubuhi alimkagua Karanja vifungo vya shati kabla hajajikagua mwenyewe.

Mwalimu wetu aliitwa Nyambura, msichana bado, ametumwa kwetu kutoka Ndia, na katika siku zile za pasi, ambapo hukusafiri bila kibali cha serikali, hakuna aliyekuwa na njia ya kwenda kuuliza habari za kwao. Asubuhi moja alitaka tujizoeze kusimama na kusema mbele ya wenzetu, akatuambia kila mmoja aeleze kazi ya baba yake. Hakukusudia ubaya, ni ugeni tu. Zamu ya Karanja ilipofika, alisimama akatazama sakafu. Aliyekaa nyuma yetu, mtoto wa homugadi, wale askari wa kijiji wa upande wa serikali, akasema kwa sauti ya kusikika, “Baba ya huyo anakula bure kwa serikali.” Wengine wakacheka. Karanja alipiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake, akageuka, akamtupia sleti. Ilimkosa yule mtoto, ikampata Mwalimu Nyambura juu ya jicho, maana alikuwa amewahi kuingia kati yao. Damu ilishuka hadi shavuni. Nasema kweli, sikumwonea mwalimu huruma wakati ule, nilimfikiria mama.

Mwalimu hakupiga kelele. Alitoa kitambaa, akakibana kwenye jeraha, akasubiri. Karanja alikuwa anahema, ngumi zimekunjwa, dawati limelala ubavu. Alipoanza kuhema polepole, mwalimu akamsogelea, si karibu sana, akasema, “Inua dawati, baba. Halafu ukae.” Karanja aliinua dawati. Hapo ndipo hedimasta akaingia na kiboko chake, kwa kuwa ukelele ule ulifika ofisini. Sheria yake tuliijua sote: aliyempiga mwalimu alichapwa na mwalimu huyohuyo mbele ya shule nzima, kisha alifukuzwa asirudi. Alimnyooshea Mwalimu Nyambura kiboko. Nyambura hakukipokea.

“Mwalimu, huyu ako na jina ya baba yangu,” alimwambia hedimasta. “Nitachapa baba yangu namna gani? Na nikimfukuza, nimefukuza nani?”

Hedimasta alikuwa mzee wa kanisa na mtu mkali, lakini alikuwa Mkikuyu kama sisi. Kwetu mtoto hurithi jina la babu, na mwanamke humwita baba kila mwenye jina la baba yake, hata akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Hedimasta alitazama damu, akamtazama Karanja, akashusha mkono. “Basi kalisha huyo mzee yako,” alisema, “na asirudie.” Somo lile la kazi za baba halikurudiwa tena. Karanja alifagia darasa muhula mzima bila kuambiwa, akafaulu mtihani, na baadaye akawa karani katika kiwanda cha mananasi Thika.

Baada ya uhuru tulisikia kwamba baba mzazi wa Mwalimu Nyambura amefariki. Karanja alifunga safari hadi Ndia, akawaambia waombolezaji amekuja kumzika wakini wake, yaani wa jina lake. Watu walitazamana. Marehemu aliitwa Mbugua, si Karanja. Kaka yangu aliniambia alisimama pale kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, mpaka Mwalimu Nyambura akapenya katikati ya watu, akamshika mkono na kusema, “Umefika, baba.” Akapewa jembe, akafukia kaburi pamoja na wana wa marehemu.

Siku hizi kiboko kimepigwa marufuku, nami nashukuru. Juzi, shuleni kwa mjukuu wangu hapa Kiganjo, mvulana alirusha kiti darasani. Aliitiwa mzazi, akaonana na mwalimu mshauri, akatumwa nyumbani, yote kwa utaratibu na upole, na hajarudi. Nikamuuliza mjukuu wangu kijana huyo anaitwa nani. Alinitajia jina la ubatizo. La kwao, la kurithi, hakulijua, ingawa wamekaa dawati moja tangu mwaka jana, wala hakuona angelifanyia nini.