Kuku Aliyetuimbisha Langoni

Wenzangu mliolelewa na baba asiyekubali kutupa kitu mtanielewa. Majuzi, hapa Doha, tulikodi karavani twende kulala jangwani. Ina vitanda, friji na kiyoyozi. Hata hatujatoka mtaani kwetu Al Sadd, wanangu wameshauliza kama huko kuna mtandao. Nikacheka peke yangu.

Karavani yetu sisi ilikuwa gari kuukuu la kusambazia mikate. Baba, fundi wa magari na mzee wa kanisa, alilitia vitanda vya mbao, akatupakia mimi, dada yangu Nduku na Mama, tukashika njia ya kaskazini kupitia mbuga za ukame na miamba myekundu, kwenda kwa mama mdogo aliyeolewa huko. Vumbi lilitupaka sote rangi moja, mpaka kope.

Sasa, Mama hakuwa amemwona mdogo wake tangu aolewe, na kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu. Akaficha kuku hai chini ya kitanda bila kumwambia Baba, maana njia ilikatiza mbuga ya wanyamapori, ambako mifugo ni marufuku na Baba hasemi uongo. Mimi na Nduku tukapewa kazi: kuku akilia, tuimbe.

Langoni askari akauliza kama tumebeba mnyama yeyote. Baba akasema hatuna, kwa moyo mweupe kabisa. Kuku akalia. Tukaanzisha pambio. Akalia tena, tukapandisha sauti, na Baba akapiga makofi, akijivunia watoto waliolelewa vizuri. Mara kuku akataga, na kuku akitaga lazima mtaa mzima ujue.

"Na huyo wa sauti ya tatu," askari akauliza, "ameokoka lini?"

Kuku akabaki langoni. Mama alinuna mbuga nzima. Tunapita mwamba mwekundu mrefu kuliko kanisa letu, yeye anatazama sakafu. Tulipofika akakataa kushuka. Angeingiaje bila kitu? Mama mdogo akaja mwenyewe, akamvuta kwa leso, machozi yakimtoka.

"Nilikuita wewe, au nilimwita kuku?"

Wakashikana pale pale vumbini, wakilia na kucheka. Nawaonea wivu hadi leo.

Siku hizi barabara ile ina lami, na kutoka hapa hadi Nairobi ni saa chache tu za ndege. Nduku hunipigia simu kutoka huko kila Ijumaa akiniuliza nakuja lini. Namwambia asubiri kidogo, bado najaza sanduku.