Siku Tuliyoipaka Pikipiki Mafuta

Mjukuu wangu anakimbiza pikipiki jangwani, na mimi ndiye nyanya yake. Nayasema yote mawili kichwa kikiwa juu, hata kama hilo la kwanza hunikausha mate.

Watu wakisikia mbio wanafikiria kundi la vijana wanafukuzana kwenye kona. Sivyo. Huyu anakimbia peke yake. Barabara ndefu iliyonyooka inafungwa, unasimama mwanzo wake, unaachiliwa, na mbele huko kuna mitambo inayopima umepita na kasi gani. Ukishapita, kazi inayobaki ni kusimama kabla barabara haijaisha. Aliponieleza mara ya kwanza nilikuwa nakanda unga wa chapati. Nikamwuliza, sasa unakimbia nini na hakuna anayekufukuza? Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi shule niliishia chini kabisa. Dubai nimeijua kwa mikono: nimelea watoto wa madam, nimewaogesha, nimewapeleka chuo, leo wana ndevu. Sasa naishi Karama na huyu mjukuu, kwenye nyumba tunayogawana na Wakenya wenzetu na Waganda, kila mtu na pazia lake, na mimi ndiye mpishi wa wote. Yeye nilimlea mwenyewe huko kwetu bara tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alipokuja huku alianza kwa ulinzi, kwenye jumba moja refu kule Jumeirah Lake Towers, kusimama tu mlangoni mpaka miguu inavimba. Halafu akapata kazi ya kupokea simu kwenye gereji ya pikipiki. Na pikipiki alikuwa anaijua. Baba yake alikuwa mtu wa bodaboda, alimfundisha kwenye matope kabla hajajua kusuka nywele.

Mwenye gereji, ambaye wote wanamwita arbab, yaani bosi, ni mmoja wa hao wa klabu ya kukimbia barabara iliyonyooka. Akamwona msichana anavyoikalia pikipiki, akasema atamwazima moja ajaribu. Akamwazima na suti ya ngozi. Mtoto akaileta nyumbani, akaivaa, akajizungusha mbele yangu kama bibi harusi. Nikampapasa mgongoni, nikakuta bamba gumu limeshonewa ndani. Viwiko, bamba. Magoti, bamba. Nikajua hapo hapo kwamba nguo hii ilishonwa na mtu ambaye hajiulizi kama utaanguka. Anajua utaanguka, anachouliza ni wapi.

Tangu siku hiyo usingizi ulinipaa. Nilikuwa nikisikia pikipiki ya mtu wa kuleta chakula inapita chini dirishani, naweka kisu chini. Yeye hakuwa na habari. Anakula, analala, anaimba bafuni. Hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko yote. Nilimtazama nikitafuta woga hata kidogo usoni mwake, kama mtu anavyotafuta chawa, sikuuona.

Sasa sisi tuna kawaida yetu. Katika ushirika wetu wa maombi tunapaka mafuta. Mafuta ya zeituni ya kawaida ya dukani, yameombewa. Mtu akipata kazi mpya tunampaka viatu. Pasipoti inayokwenda kugongwa viza, tunaipaka. Simu mpya, mlango, tumbo la mwenye mimba. Kiongozi wetu ni dada mmoja Mganda, mlinzi wa hoteli, ana sauti ya kuamsha waliokufa. Nilimwambia habari ya pikipiki, akafunga macho, akasema hiyo haiwezi kwenda bila kuguswa.

Pikipiki ilikaguliwa na watu wa klabu mchana wa siku ya kuamkia mbio, ikabandikwa alama ya kwamba iko sawa, ikaletwa kwenye pikapu ya gereji ikaegeshwa nyuma ya jengo letu. Jioni mtoto akapanda juu kuoga. Mimi na dada tukashuka na chupa.

Tulianza na usukani. Tukapaka kiti, tukapaka tangi. Halafu dada akasema safari ni miguu, nasi miguu ya safari huwa hatuiruki, kwa hiyo tukapaka magurudumu, la mbele na la nyuma, pale penyewe panapokanyaga. Mimi nikaona kwenye gurudumu la mbele kuna sahani ya chuma inang'aa vizuri, safi, nikafikiri huo lazima ni moyo wa mashine. Nikamwambia, dada, hapa ongeza. Akaongeza. Tukaomba mpaka mlinzi wa jengo akaja kuchungulia. Nikarudi juu nimepungukiwa na mzigo, na hiyo ndiyo siku pekee ya wiki ile niliyolala.

Asubuhi tukaenda. Barabara yenyewe iko mbali, mji unaisha, nyaya za umeme zinaisha, unabaki mchanga na huo mstari mweusi. Kulikuwa na baridi ile ya Desemba inayowashangaza wageni. Watu walikuwa wachache, mahema mawili matatu, pikipiki zimepangwa, ambulansi imesimama mlango wazi. Hiyo ambulansi nilikataa kuiangalia.

Mkaguzi wao alikuwa mzee Mwarabu mwenye kofia, na aliposikia tunavyoongea akatugeukia na Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu. Wazazi wake walitoka huko. Alinikaribisha kiti, akaniita bi mkubwa, akamwuliza mjukuu kama amekula. Nikampenda.

Mwanamume mmoja alitangulia kukimbia. Pikipiki yake ilitoka kama kitambaa kinachopasuliwa, na kabla haijafika mbali mtu akapunga bendera nyekundu. Ilikuwa inavuja oili. Yule mzee akasimamisha kila kitu. Vijana wakakimbia na unga wa kunyonya mafuta, wakawa wanapiga magoti barabarani wanatafuta matone. Mimi nikamwuliza mzee, matone tu? Watu wote hawa kwa ajili ya matone?

Akanijibu bila kunitazama, macho yako barabarani. "Tone moja likiingia kwenye tairi, bi mkubwa, kwa mwendo ule, huyo tunamwokota vipande. Na likiingia kwenye sahani ya breki ndo kabisa. Hata hatosimama, atakwenda tu."

Masikio yalijaa maji. Nilimwuliza sahani ya breki ni ipi, akanionyesha kwenye pikipiki iliyokuwa karibu. Ilikuwa inang'aa, safi, kwenye gurudumu la mbele.

Barabara ilishafunguliwa. Nikatazama foleni. Mjukuu wangu alikuwa wa pili, kofia kichwani, glavu mkononi, injini inanguruma chini yake. Wa kwanza akaachiliwa. Zamu ikawa yake.

Kuna kamba pale ambayo mtu asiyevaa kizibao cha klabu haruhusiwi kuivuka. Niliivuka. Nina goti bovu na nilikuwa na leso kiunoni, nikakimbia hivyo hivyo, nikasikia mtu ananiita madam, madam, no. Nikaenda nikasimama mbele ya gurudumu, nikaweka mikono yote miwili juu ya usukani kama ninayezuia ng'ombe. Ndani ya kile kioo cha kofia niliona macho yake tu, na yalikuwa na hasira.

Mzee akafika anahema. "Bi mkubwa, ondoka hapo. Hapo si pa kusimama mtu."

"Tumeipaka mafuta," nikasema.

"Nani?"

"Sisi. Ya maombi."

"Mmetia wapi?"

"Kote. Tairi. Na hiyo sahani."

Akainama, akavua glavu, akapitisha kidole kwenye sahani ya breki. Akakisugua kidole chake na gumba. Akaizima injini yeye mwenyewe, akaashiria wasukume pikipiki kando, na walio nyuma wakaendelea na foleni yao. Nilingoja anitukane. Alipiga tu magoti kwenye tairi, akaonyesha jinsi mchanga ulivyonata mahali tulipopaka, mstari mzuri, tulipaka kwa bidii.

"Dua nzuri," akasema. "Lakini dua ya tairi, bi mkubwa, isomeni mkiwa mmekaa mbali."

Arbab alikuwa ameshafika, akacheka kidogo, na mimi karibu nicheke kwa vile nilivyokuwa nimelegea. Nilidhani yamekwisha. Kisha mzee akamgeukia mjukuu wangu, na sauti yake ikabadilika.

"Mwanangu, ulipoishusha kwenye pikapu hukuona kitu?"

Mtoto alikuwa amevua kofia. Akatazama chini. "Breki ilikuwa laini."

"Laini vipi?"

"Ilikuwa inateleza kidogo. Nikadhani ni baridi."

"Ukadhani ni baridi?"

Mtoto akavua glavu. Halafu akasema polepole, "Niliogopa mkiiangalia tena mtanitoa kwenye foleni."

Mafuta niliyapaka mimi, sawa, mimi ni mzee nisiyetofautisha sahani ya breki na sahani ya wali. Lakini huyu anajua. Huyu alikuwa ameshahisi kwa vidole vyake kwamba kitu cha kumsimamisha hakisimamishi, na alikuwa amekaa pale juu anangoja zamu yake. Kama nisingeuliza lile swali langu la kijinga juu ya matone, angekwenda.

Mzee akasema basi, khalas, arudi nyumbani. Mashine chafu anaweza kuisafisha kwa spiriti, akasema, lakini mpandaji anayemficha jambo, yeye hana spiriti ya kumsafishia. Msimu mwingine labda, inshallah. Arbab hakumtetea. Mtoto naye hakulia wala hakubisha. Uso ulifungwa tu, na mimi nikajua huo uso unakwenda wapi. Angetafuta barabara nyingine. Wapo vijana wanaokimbia usiku kwenye barabara za watu, hakuna bendera, hakuna mzee wa kupitisha kidole.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mzee wangu, usimrudishe."

Akanitazama kama mtu aliyeona paka anaongea. "Si wewe ulokuja mbio kumzuia?"

"Nilikuja kuzuia mafuta."

Nikamwambia akimrudisha leo, atakwenda kukimbia mahali ambapo hakuna wa kumwuliza breki yako ikoje. Nikamwambia amkaripie mbele yangu, amtoe jasho, amweke mwisho wa foleni, lakini amfanyie hapa hapa, chini ya macho yake. Nilisema mengi, mengine kwa lugha ya mama yangu. Mzee akakuna ndevu. Akamwuliza mtoto, ukihisi kitu tena utafanya nini? Akasema atainua mkono. Akamwuliza mara ya pili. Akamwuliza mara ya tatu, na mara ya tatu mtoto akajibu akimwangalia.

Wakatoa magurudumu. Yalisuguliwa kwa sabuni, yakasuguliwa kwa spiriti, pedi za breki zikatupwa na arbab akaleta mpya. Aliyesugua ni mjukuu mwenyewe. Mzee alikataa asaidiwe. Mimi nilikatazwa kugusa chochote, hata kitambaa. Jua lilishapanda alipoitwa, wa mwisho kabisa, na akaambiwa aende mwendo wa wanafunzi, wale wa daraja la kwanza, wasiopewa ruhusa ya kufungua mashine yote.

Hakuna aliyeniambia jambo moja juu ya mchezo huu: unayempenda anakwenda asikotazamika. Alitoka, nikaona mgongo, nikaona kitu cheusi, kisha nikaona joto la lami linachezacheza na yeye hayupo. Ikabaki sauti. Sauti ikapanda, ikawa nyembamba, halafu ikakatika.

Ikakatika hivi, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Nikamtazama mzee. Alikuwa ameweka redio ya mkononi sikioni na hasikii kitu. Nikatazama ambulansi, ile niliyoikataa asubuhi, nione kama dereva ameshika usukani. Dereva alikuwa anakunywa chai. Nikaenda nyuma ya pikapu nikatapika, na nikiwa nimeinama hivyo nikasikia redio inakoroma Kiingereza na watu wanacheka. Sikujua kicheko hicho ni cha nini. Katika nchi za watu nimeshawahi kusikia watu wanacheka msibani.

"Kafika," mzee akaniambia. "Kasimama. Wanacheka kwa kuwa kasimama mbali sana na mwisho. Breki kazikamata mapema mno."

Alirudi kwa njia ya pembeni, polepole kama anayepeleka mayai sokoni. Akaegesha, akavua kofia, nywele zimelowa. Nilitegemea zile kelele zake. Akaja akaketi nami nyuma ya pikapu. Nikammiminia chai ya chupa, akakipokea kikombe kwa mikono miwili na bado kikawa kinapiga meno yake.

"Shosho," akasema, "niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nilikumbuka ile breki. Vile ilikuwa inateleza. Nikafikiria ningekuwa nayo vile, na nione mwisho wa barabara unakuja." Chai ikamwagikia suti ya watu, hakuifuta. "Nikashika breki mapema. Mzee amesema sitapandishwa daraja kwa mwendo ule, nirudi nirudie."

"Utarudia?"

"Nitarudia."

Nikamshika mkono ule uliokuwa unatetemeka. Nilitaka utulie, na nilitaka usitulie. Tangu nimbebe mgongoni sikuwahi kumsikia akisema ameogopa, si mbwa, si giza, si ndege ya kuja huku. Nikamwongeza chai, nikamwambia anywe, na tukakaa pale mpaka wakaanza kung'oa mahema.