Agnes na Wimbo Uliofungiwa

Agnes wa hapa Mtinko akiimba, ng'ombe wa Manyoni hugeuza shingo. Anayebisha akawaulize ng'ombe.

Wimbo wa kupura alizeti aliachiwa na mama yake. Yeye huanzisha, sisi tunaitika, fimbo zinashuka pamoja. Na kila anayeitika ana ruhusa ya kuchomeka ubeti wake, hasa wa kumsema mwenye shamba.

Kijana mmoja wa mjini akaurekodi, akautoa kama wake. Agnes alilia mpaka mbuzi wangu wakanywa machozi yake. Akaenda kwenye sheria, akausajili, akarudi na cheti. Nilimpigia vigelegele.

Lakini sheria ikamnogea. Witness, binti wa dada yake, aliuimba harusini Mgori, akaongeza ubeti kuhusu bwana harusi anayekoroma. Agnes akamfikisha kwa mtendaji wa kijiji.

"Wimbo ni mali yangu. Hata neno moja usiongeze!"

Tangu siku hiyo Witness hakuimba tena, hata jikoni.

Mwezi wa sita tukaenda kumpuria Agnes alizeti yake. Akaanzisha. Kimya. Akaanzisha tena, sauti ikipanda. Kimya. Fimbo zikashuka ovyo, moja ikamkosakosa Witness kidole.

"Mbona hamuitiki?"

"Tunaogopa, mama mdogo," Witness alisema akitazama chini. "Tukikosea neno utatushtaki."

Agnes akashusha fimbo yake. Wimbo wa mama yake ulikuwa unamfia mikononi, na sisi sote tunaangalia.

Mimi shule niliipita kwa nje nikichunga ng'ombe, kesi siiogopi. Nikaimba: "Agnes kafungia wimbo ndani, ufunguo kaumeza, sasa tumbo linamsokota!"

Hakuna aliyecheka. Agnes akanijia na fimbo mkononi, akasimama karibu mpaka akanusa ugoro wangu.

"Bibi, umeniomba ruhusa?"

"Sijaomba. Nipeleke kwa mtendaji. Ila unibebe, magoti yanauma."

Fimbo ikapanda juu. Nikafumba macho. Ikatua kwenye alizeti, pu!

"Bibi ana jino moja," akaimba, "nalo ameazima!"

Tukaitika, fimbo zikashuka pamoja. Cheti bado anacho, anamwekea yule wa mjini.

Witness tu ndiye aliyekuwa amefunga mdomo. Agnes akanyamaza, akamwachia nafasi, akangoja. Ubeti uliotoka siwezi kuurudia mbele za watu. Ulimhusu Agnes mwenyewe na suruali ya mumewe. Aliyeitika kwa sauti kubwa kuliko sote ni Agnes.