Kernel Mpya na Mimi Juu ya Paa

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka, ingawa nikikumbuka siku ile pale soko la Custom bado natamani ardhi inimeze.

Ilikuwa miaka ile ya mkataba wa amani, nimerudi Juba kutoka Nairobi nilikokulia, nimefungua chumba cha intaneti chenye kompyuta za Linux na antena juu ya paa, na najiita injinia (cheti sikuwa nacho, lakini nani angeuliza?). Mama Keji alikuwa anavuka daraja la Nile kutoka Gumbo, ng'ambo ya pili, aje amwone kwenye skrini, kwa mara ya kwanza, mjukuu aliyezaliwa na bintiye Keji huko Australia. Sasa mimi na udadisi wangu, asubuhi hiyo hiyo nikaona kuna kernel mpya, yaani kile kiini kinachoendesha kompyuta, nikasema hebu tuone ina nini, nikaiweka, nikazima, nikawasha, mtandao ukapotea.

Taa ya kadi ya wireless, ile inayonasa mawimbi, inawaka, lakini programu ya kuunganisha inasema hakuna kadi! Inakuwaje? Mama Keji ameshakaa, gauni lake la kanisani, ananitazama. Nikapanda paa kuzungusha antena, soko zima likitazama, kisha nikaanza kumfokea Okello, fundi Mganda wa kuchomelea hapo jirani, kwamba jenereta yake inaharibu mawimbi. Akaizima. Mtandao bado.

"Jana ilikuwa inafanya," akasema. "Leo wewe nabadilisha nini?"

Nikashuka polepole. Kumbe kernel mpya ilikuwa imebadilisha namna ya kupokea maagizo, na programu yangu ya zamani bado inayapeleka kwa mtindo wa zamani, pande zote mbili nzima ila hazielewani. Na programu mpya inapakuliwa wapi? Kwenye mtandao, ambao sina.

"Ile ya zamani ulitupa?" Okello akauliza.

Sikuwa nimeitupa. Nikawasha kompyuta kwa kernel ya zamani, mtandao ukarudi, lakini Australia giza lilishaingia na mtoto alikuwa amelala. Keji akatuonyesha kitanda cha mtoto. Nikaanza kuomba msamaha kwa sauti, niliona aibu kweli.

"Nyamaza, jena tai," Mama Keji akaninong'oneza, akiniita mwanangu kwa Kiarabu cha Juba, macho hayatoki kwenye skrini. "Utaamsha mtoto."

Tangu hapo sigusi kernel kabla ya kuhakikisha programu inayoitegemea inaelewana nayo, na siku ya mgeni sigusi chochote. Jumamosi iliyofuata Mama Keji alirudi kumwona mtoto akiwa macho. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Leo wewe nabadilisha nini?"

Na Okello akazima jenereta ili asikie jibu.