Usiachilie Kabla Sijagonga

Siku niliyomwangusha baba, nilikuwa na uwezo wa kunyanyua kilo mia moja na kumi kutoka sakafuni. Baba mwenyewe hakufika kilo sabini. Nayasema haya mapema kwa sababu kila nikimsimulia mtu kisa hiki, huniuliza kama siku hiyo nilikuwa mgonjwa, au kama sakafu ilikuwa na maji. Sikuwa mgonjwa, na sakafu ilikuwa kavu. Nilikuwa na kiburi tu.

Jimu yetu iko Gatongora, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, chini ya mabati. Vyuma vya pale vingi vilichomelewa na fundi wa Ruiru mjini, na vile vidogo ni saruji iliyomiminwa kwenye mikebe ya rangi. Wanawake tulikuwa watatu. Wawili walikuja kupunguza tumbo. Mimi nilikuja kubeba. Nilikuwa na mshipi mpana wa ngozi, mabega ambayo blauzi za mtumba zilikuwa zimeyakataa kitambo, na mtindo wangu mwenyewe. Nasimama juu ya chuma, napiga kelele, nakinyakua. Kikikataa, nakinyakua tena kwa hasira zaidi. Vijana walinipenda kwa hilo. "Beba, mathe! Beba hiyo kitu!" walinipigia makofi, mathe kwao ikiwa ni mama, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Kocha wetu hakupiga makofi. Yeye ni Mwislamu mmoja mtulivu, mzaliwa wa Thika, ambaye Ijumaa adhuhuri hufunga mlango wa jimu hata kama uko katikati ya seti. "Dada, hicho chuma unakiiba," aliniambia. Kuiba, pale kwetu, ni kukirusha chuma ili mgongo na bahati vifanye kazi ambayo misuli imeikataa. "Kivute kwanza mpaka ukisikie kimekaza mikononi. Hapo usikinyakue. Sukuma ardhi kwa miguu, kitakuja chenyewe. Na ukikiteremsha, kiteremshe kwa adabu ile ile."

Nilimuuliza kama chuma kimepanda au hakijapanda. Alicheka, akaenda kumrekebisha mtu mwingine.

Baba alikuwa mbebaji wa magunia katika stoo moja ya kahawa huko Thika, kwa miaka mingi. Nyuma ya shingo ana nundu ngumu kama kisigino. Aliposikia kwamba nakwenda mahali kubeba vitu vizito na hakuna anayenituma, alicheka mpaka akavua miwani ili apanguse macho. Lakini hakunikataza. Mimi ni kifungua mimba, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Kwa hiyo hajawahi kuniita jina langu. Huniita maitu, yaani mama yangu. Mama mzazi hakemewi ovyo, hata akiwa na mabega ya turnboi wa kupakia lori.

Jambo jingine la kujua juu yake ni kwamba nyumbani, Kalimoni, huongea Kikuyu. Kiswahili ni lugha yake ya kazi, aliyojifunzia katikati ya magunia na watu kutoka kila pembe ya Kenya. Nje ya kazi, alikitoa tu akitaka kugombana.

Kiharusi kilimpata asubuhi akikama ng'ombe. Kilichukua upande wote wa kushoto. Tulipotoka naye hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituonya kwamba asimamishwe kila siku, hata kwa dakika moja, kwa maana mguu usiokanyaga husahau. Kazi hiyo ikawa ya mama. Kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kwenye kiti hadi chooni, na kurudi. Mama ni mfupi, na mgongo wake ulianza kulalamika tangu enzi za kuchuma kahawa. Haikupita muda akawa anatembea ameinama, akishikilia kuta. Nikahamisha nguo zangu kutoka Ruiru, nikarudi nyumbani, nikamwambia kwa sauti ya mtu wa kilo mia na kumi, "Mama, keti. Hii ni kazi yangu."

Nilimshika baba chini ya makwapa, nikavuta pumzi, nikamnyakua.

Chuma ni kigumu kotekote na kina mahali pa kushika. Baba hakuwa hivyo. Upande wake wa kulia ulikuja na mimi, wa kushoto ulibaki nyuma. Akazunguka mikononi mwangu, sweta ikapanda mpaka shingoni, na mimi nikabaki nimeshika sweta huku mwenyewe akienda chini, katikati ya kitanda na kiti. Bega lake la kushoto liligonga ukingo wa kitanda. Nilisikia ule mlio na bado nausikia nikiandika. Hakupiga kelele. Alilala pale akitazama dari, kisha akasema kwa Kiswahili, "Wewe. Usinishike tena."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi sikusikia la kocha, na aliyeumia ni baba.

Bega halikuvunjika, lilivimba tu. Lakini woga ulimwingia. Kila nilipokanyaga chumbani mwake, mkono wake mzima ulikamata mbao ya kitanda, na hakuuachia mpaka nitoke. Ikawa baba hamruhusu hata mama kumsimamisha tena. Juma zima mguu ule haukukanyaga chini. Nilipomtandikia shuka niliuona umekonda, au labda ni dhamiri yangu iliyouona hivyo. Nilijua tukiendelea vile hatasimama tena maishani, na kwamba aliyemlaza ni mimi. Hakuniita maitu hata siku moja. Nilikuwa "wewe", na maji ya kunywa aliniomba kwa Kiswahili, kama mtu aombaye maji kwa jirani asiyemjua vizuri.

Nilimweleza kocha haya nikiwa nimekaa kwenye benchi la mazoezi ya kifua, nalia mbele ya vijana wale wale walionipigia makofi. Hakusema, "Nilikuambia." Alitoka nje, akarudi akikokota gunia la mchanga lililojaa nusu.

"Nyanyua hili."

Nililinyakua. Mchanga ukakimbilia upande mmoja, gunia likajikunja, likaniponyoka na kuniangukia kwenye vidole vya miguu. Halikufika kilo hamsini.

"Chuma kinakungoja," alisema kocha. "Mzigo kama huu haukungoji. Mimi nafundisha vyuma, dada. Magunia siyajui. Lakini umeniambia una mtu nyumbani anayeyajua."

Kesho yake nikatoa gunia la mahindi ghalani, nikaliburura hadi chumbani kwa baba, nikalisimamisha mbele ya kitanda chake. Mbao ya kitanda ikakamatwa, kama kawaida.

"Sikugusi," nikamwambia. "Nataka unifunze kubeba gunia."

Akageukia ukuta. Sawa. Nikainama, nikalinyakua gunia kwa mtindo wangu wa Gatongora. Likaponyoka. Nikalinyakua tena kwa kelele zaidi, na mara hii likaanguka na kusukuma sufuria ya uji chini ya meza. Mama akauliza kutoka jikoni kama tunapigana. Nilikuwa nimelikamata mara ya tatu, mgongo umepinda kama upinde, ndipo mzee alipogeuka, ameshindwa kuvumilia.

"Wewe! Wewe! Ngai! Nani alikufunza kunyanyua gunia kama mtu anaiba kuku?"

"Hakuna, baba."

"Naona. Weka chini! Piga magoti. Gunia haivutwi. Wewe ndio unaingia chini yake. Kumbatia. Kifua yako ikae kwa kifua yake. Hapo. Sasa ngoja."

"Ningoje nini?"

"Ngoja itulie. Mahindi ikishakaa, utasikia uzito iko wapi. Na usivute, sukuma chini na miguu."

Nilisubiri nikiwa nimelikumbatia lile gunia kama mpenzi. Kweli, baada ya muda mahindi yakatulia, na nikasikia mahali uzito ulipo, chini kidogo, upande wa kushoto. Nikasukuma ardhi. Gunia likapanda nami bila kelele. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, maana maneno hayo ya kusukuma ardhi nilikuwa nimeyasikia kwa miezi mingi kutoka kwa mtu ambaye baba hajawahi hata kumwona.

Siku hiyo baba aliongea kuliko siku zote tangu augue. Akanieleza, kwa Kiswahili chake cha stoo, jinsi gunia lilivyopandishwa mgongoni mwa mbebaji na watu wawili. Mashine zilinguruma, hakuna aliyesikia mwenzake. Kwa hiyo mbebaji alipoona mzigo umemkalia sawasawa, alirudisha mkono nyuma akaligonga gunia mara mbili kwa vifundo vya vidole. Wale wawili walikusikia kule kugonga kwa viganja vyao. Maana yake ilikuwa moja tu, uzito wote ni wangu sasa, achilieni. Mtu aliyeachilia kabla ya kugongewa angeweza kumvunja mwenzake shingo. Hakuna aliyekubali kupandishiwa mzigo naye tena, na aliishia kufagia.

Kisha akasema, "Wewe uliniachilia kama sijagonga."

"Ndio, baba."

"Sikuwa nimeshika kitu. Hata kiti."

"Ndio. Nisamehe, baba."

Hakusema amenisamehe. Alisema nirudishe gunia ghalani kabla panya hawajalijua, na nisiliburure, nilibebe.

Kwa siku tatu alinifunza akiwa pale pale kitandani. Alinifunza kuteremsha pia, polepole, mpaka sakafu ipokee gunia bila kutoa sauti. Alinikaripia sana na nikafurahi kukaripiwa. Siku ya nne nilipolifuata gunia, akaninyooshea kidole.

"Wacha hiyo. Leta kiti."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikaingia chini ya mkono wake mzima, nikaulaza mgongoni pangu, nikaupitisha ule uliolegea juu ya bega langu, nikamkumbatia kifua kwa kifua. Alinuka mafuta ya kuchua na sabuni ya kipande. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio, na wangu pia. Nikangoja. Upande wa kulia ulitulia kwanza, kisha, baadaye kidogo, wa kushoto nao ukakaa. Nikasukuma ardhi. Tukapanda, tukageuka hatua ndogo ndogo, tukateremka kwa adabu. Alipokwisha kukalia kiti, sikuachilia. Nilibaki nimemshika, paji langu likiwa begani pake, mpaka niliposikia vifundo vyake mgongoni mwangu. Mara moja. Mara ya pili.

Tangu hapo ikawa hivyo asubuhi na jioni, nami nikiwa bado "wewe". Kule jimu nilianza upya na kilo arobaini, bila kelele, nikihesabu pole pole wakati wa kuteremsha. Vijana walisema mathe amezeeka. Kocha alipita nyuma yangu mara moja, akatazama, akaenda zake bila kunirekebisha, na nikaringa siku mbili.

Mguu ulianza kukumbuka. Kwanza ulikanyaga, halafu ukabeba kidogo, halafu zaidi. Kila asubuhi tulitoka hadi barazani, nikamsimamisha nikiwa nimemkumbatia vile vile, akahesabu mpaka ishirini, nikamrudisha kitini, akagonga, nikaachilia. Siku moja ya baridi mama alikuwa amekichukua kile kiti akakipeleka kwenye jua, amekikalia akichambua maharagwe. Nilijua nitamwita akilete tukimaliza kuhesabu.

Baba alihesabu mpaka ishirini. Hakuniambia tuketi. Nikasikia vifundo mgongoni mwangu, viwili.

"Baba, kiti hakipo," nikamwambia.

Akagonga tena mara mbili, kwa nguvu zaidi. Mama akaacha kuchambua. Kila msuli niliojenga Gatongora ulikataa. Nilikuwa nimejifunza kushika, na kungoja, na kuteremsha, lakini hili halikuwa limefunzwa na mtu yeyote. Nilimkaza zaidi.

"Maitu," akasema, kwa Kikuyu, taratibu, karibu na sikio langu. "Nimegonga."

Nikafungua mikono, kidole kimoja kimoja.