Nilimrekodia mama akiba ya sauti yangu kabla haijabadilika

Wakuu, salamu kutoka La Rochelle, kusini ya Joburg. Haya ni yangu mwenyewe, sijayatia chumvi. Mwenye matusi apite tu.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Mbeya. Nililelewa kama binti. Leo ni mwanaume, niko kwenye homoni mwaka wa pili sasa. Trans, kama wanavyosema.

Nimeimba kwaya tangu utoto. Nyumbani mimi nilishika sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, mama ya pili, marehemu baba ya tatu.

Nilipohamia huku, kila Jumapili nilimtumia mama wimbo kwa voice note, naye ananirudishia sehemu yake. Hata kama wiki nzima hatujaongea, wimbo lazima.

Kabla ya sindano ya kwanza nilijua sauti ile itaondoka. Nikafanya ujinga. Wikiendi moja nilijifungia chumbani nikarekodi nyimbo thelathini, niwe namtumia mojamoja.

Mama hakujua chochote. Niliogopa akijua atanikana, na sina mzazi mwingine.

Mwezi wa tatu wa sindano sauti ikaanza kukatika. Mwalimu wa kwaya ninayoimba huku, mzee wa Kikongo, aliniona nahangaika na noti za juu. Akanivuta kando.

"Usilazimishe. Kaa na bale ba sauti ya tatu, usikilize tu. Usiimbe bado."

Nikakaa nyuma na wanaume miezi kadhaa, mdomo nimefunga. Siku ya kwanza nililia, sitaficha.

Huku nyuma mama anapokea nyimbo zake kama kawaida. Ila kila mara anauliza, "Huko kwenu mvua haiishi?"

Eish. Wikiendi ile mvua ilikuwa inapiga mabati, inasikika kwenye nyimbo zote. Nikawa namjibu ndiyo, inanyesha. Na huo ni Julai, Joburg kavu kabisa, baridi tu.

Kisha ikakaribia kumbukumbu ya baba. Mama akaomba wimbo tuliomzikia.

Huo sikuwa nimeurekodi.

Nilihangaika nao siku mbili. Mwishowe nikauimba kwa sauti ya tatu, ya baba, na koo langu hili ambalo bado linakwaruza. Nikamalizia, "Mama, hii ndiyo sauti yangu sasa. Zile zilikuwa za zamani. Mimi ni mwanao wa kiume." Nikatuma kabla sijaghairi.

Tiki za bluu. Siku tano nangoja jibu. Nilimshonea mteja suruali mguu mmoja mfupi, akili haipo.

Jumapili ikaingia voice note. Nilijua ni laana. Niliishika simu muda mrefu kabla ya kufungua.

Mama alikuwa anaimba. Anaimba sauti ya kwanza, ile yangu, ambayo hajawahi kuishika maisha yake yote. Inamshinda kule juu, inakatika, anavuta pumzi, anaendelea mpaka mwisho.

Halafu akasema, "Ya mvua nilishajua, ni ile ile moja kila wiki. Ya kwanza nitashika mimi. Wewe shika ya baba yako."

Nilichojifunza: nilikuwa namtumia mama mtu wa zamani, na yeye alikuwa anamsubiri huyu aliyepo. Sisemi kila mtu akamwambie mzazi wake leo, wengine mtafukuzwa, nawaelewa. Pimeni wenyewe.

Aliyepitia kitu kama hiki aandike hapa chini, nitasoma yote. Jumapili hii ni zamu yangu kuanza.